Sauti Iliyohama

Fundi alikuwa akibadilisha zipu ya suruali ya mteja, asubuhi, mlango uko wazi, pale sauti ya mama yake ilipohama. Ilikohoa kidogo, ikasema, "Haya, mimi natoka," ikavuka kizingiti na kushika njia. Mama mwenyewe alibaki kitini kando ya cherehani, mdomo kaufumba, macho kwenye zipu.

"Imeondoka na nini?" mteja aliuliza.

"Na maneno tu. Njoo jioni, suruali itakuwa tayari."

Haikuchukua muda wakajua imehamia wapi: mtaa wa pili, kwa mdogo wake Fundi, yule ambaye mama alimwita Kipusa tangu akibebwa mgongoni. Fundi yeye aliitwa "we mkubwa", na hata hilo ni pakiwa na kazi. Sauti ilikaa jikoni kwa Kipusa, juu ya friji, ikisimulia mambo ya ujana wake ambayo Fundi hakuwahi kuyasikia. Majirani walipita kuiamkia. "Shikamoo, mama!" "Marahaba, karibuni!" Kisha wakifika kwa Fundi wanampa mama mkono kimya kimya, kama watu waliokuja kutoa pole.

Kwa Fundi ilibaki lugha nyingine. Mama akitaka maji, aligonga kiti kwa kidole. Akitaka kugeuzwa, alibana dole gumba la binti yake. Akikunja uso, uji una moto. Fundi aliyajua yote hayo bila kufundishwa, mpaka mguu wake ukawa unasimamisha cherehani kabla kidole hakijashuka. Lakini wivu ulimla. Hayo si mazungumzo, alijisemea. Hata mlango hugongwa.

Alasiri moja alimwomba jirani akae na mama, akaenda kwa Kipusa. Kabla hajabisha hodi, akasikia dirishani:

"Kitendawili!"

"Tega, mama!" Kipusa alikuwa akikata vitunguu.

"Sina miguu naingia, sina mwili najaza nyumba, ukinitafuta hunioni."

"Moshi?"

"Moshi si unauona, Kipusa wangu!" Sauti ilicheka mpaka friji ikatikisika.

"Ni sauti," alisema Fundi pale dirishani.

"Ngoja, we mkubwa. Namuuliza Kipusa."

Kipusa alishindwa, na sauti ikampa jibu bure, bila hata kudai mji. Utotoni Fundi alikuwa akitozwa miji mpaka inamwishia.

"Mama, rudi nyumbani," alisema.

"Nikafanye nini?" sauti ilijibu kwa upole. "Kwako kuna kazi. Unanitunza vizuri, sina lawama. Ila kuzungumza, nazungumza na huyu."

"Leo nimekuogesha. Nimekukata na kucha."

"Najua. Ahsante." Ndivyo anavyoshukuriwa mwenye duka.

"Dada, usinikasirikie," Kipusa alisema. "Mimi sikuiita. Kaa basi unywe chai."

"Chai hata kwangu ipo."

Akarudi, akamshukuru jirani, akaketi kwenye cherehani. Mama akagonga kiti. Fundi akaendelea kushona. Mama akagonga tena.

"Sema," Fundi alimwambia. "Na huku una mdomo. Sema 'maji', neno moja tu, jagi hili hapa."

Kidole kilibaki hewani, kisha kikashuka mapajani, kikatulia. Simu ikalia.

"Dada," alisema Kipusa, "mama anasema ana kiu. Anasema amekuomba, umemnyima."

Fundi akamimina maji, akamshikia kikombe. Mama akanywa yote. Tone lililomwagika kidevuni Fundi alilifuta kwa kipande cha bitana.

Tangu hapo mama hakugonga tena, wala hakubana dole wala kukunja uso. Akitaka kitu humwambia Kipusa, Kipusa hupiga simu. Wateja wamezoea. Simu ikilia katikati ya kupimwa kiuno, wenyewe husema, "Fundi, mama yako huyo," na kushika futi wamngoje.

"Dada, anasema mto umekaa upande."

Fundi huuweka sawa, naye mama, aliye hapo hapo mbele yake, hutazama ukutani. Kisha Fundi huendelea kushikilia simu sikioni, huenda kuna lingine.

"Ni hilo tu, dada," husema Kipusa, na nyuma yake sauti inasikika ikitega kitendawili kipya.