Kwamboka Hana Mashine

Hapa Nyamache hakuna anayeijua fizikia ya nyuklia kunishinda mimi. Nilifika darasa la sita, nikakwama kwenye hesabu za sehemu. Lakini majirani zangu nao walikwama hapo hapo, kwa hiyo bado naongoza.

Mwalimu wangu ni mjukuu wangu, Daktari Kwamboka. Kwetu nyanya na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, na ndivyo tunavyoitana. Hunifundisha tukichuma chai. Ati ndani ya kila kitu kuna kiini kidogo mno, na ndani ya kiini kuna protoni zinazosukumana, hazipendani hata kidogo, na bado haziachani.

"Kama mimi na wewe," nikamwambia.

Kazi yake ni kupiga hesabu kujua kwa nini haziachani. Hana maabara, hana chupa, hana koti jeupe. Ana karatasi na kalamu.

Na hapo ndipo taabu ilipo. Mara mbili ameomba kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi, na mara mbili jopo la chuo chake likamuuliza, "Mashine yako iko wapi, Daktari?" Akagusa kichwa. Wakacheka, cheo wakampa mwenye mashine. Ningekuwepo ningewauliza wao vichwa vyao waliviacha wapi.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya usaili wa tatu, alikuja nyumbani macho yamevimba, akaandika barua ya kujiondoa. Amechoka kuchekwa, alisema. Atafundisha tu mpaka astaafu, hesabu zake zikae kabatini. Mimi nilikuwa naenda mjini, kliniki ya presha, akanipa bahasha niifikishe chuoni.

Niliporudi akauliza, "Umeipeleka?"

"Nimempa karani mkononi. Kijana mpole, ana miwani. Amenipa hata chai ya maziwa."

Siku ya tatu tulikuwa shambani asubuhi, mzee wa kanisa Nyabuto akapita. Habari ilikuwa imemfikia. Nani alimwambia sijui, labda mimi.

"Binti, Bwana asifiwe! Nasikia umeacha."

"Nimeacha nini, mzee?"

"Mabomu! Miaka tisa, kila Sabato, tunakuombea uache kutengeneza mabomu. Leo umerudi kuchuma chai kama watu."

Kwamboka akatua kikapu chake chini. "Mzee Nyabuto, mimi bomu sijawahi kuliona. Miaka tisa natafuta ni nini kinachoshika vitu visisambaratike. Wewe hapo ulivyosimama, hujamwagika, hiyo ndiyo kazi yangu!"

Nyabuto akajitazama tumbo. "Basi kama si dhambi, mbona umeiacha?"

Mjukuu wangu akaokota kikapu, akarudi kuchuma. Mimi nikainamia mchai wangu kama mtu aliyeona nyoka.

Simu ikalia. Mikono yake ilikuwa na umande na utomvu wa chai, akabonyeza kwa kidole kimoja, sauti ikatoka kubwa, tukasikia sote.

"Daktari Kwamboka? Ni Damaris, ofisi ya jopo. Nakukumbusha usaili ni Ijumaa, saa nne."

"Lakini mimi nilijiondoa. Barua hamkupata?"

"Barua gani? Hapa hakuna barua. Nikufute?"

Kwamboka akamtazama Nyabuto, aliyekuwa amesogeza sikio karibu kabisa na simu.

"Usinifute. Waambie nakuja. Na watafute ubao mrefu, nitawawashia hiyo mashine waione ikifanya kazi."

"Sawa, Daktari."

"Damaris, ngoja. Yule karani wenu kijana, mwenye miwani, yupo?"

"Karani kijana? Ofisi hii niko peke yangu, mwaka wa kumi na moja sasa."

Akakata simu, akanigeukia polepole.

"Mke mwenzangu," akasema, "hebu nikumbushe. Ile chai ya maziwa, ilikuwa na sukari vijiko vingapi?"