Wanawake Waliorudi Kupanda Miti

Kila Jumamosi Marcelline alianza na maharagwe. Aliyaloweka tangu jana yake nyumbani kwake Ndosho, asubuhi akayabeba mpaka barabara ya Sake, akapanda pikipiki na sufuria mapajani hadi kwenye kitalu cha miche pembeni mwa kambi ya Mugunga. Hapo aliinjika juu ya mawe, akachochea makaa, na maji yakitokota yeye alipita kati ya miche aking'oa magugu. Maharagwe yalipoiva, kazi ya asubuhi nayo ilikuwa imekwisha, na kila aliyejitolea alipata sahani moja.

Alikuwa mjane, mtu wa Butembo, aliyekuja Goma na mumewe kuuza vitunguu. Mume alifia barabarani na biashara ikamfuata. Kazi ya kitalu alipewa na shirika moja la mjini lenye kulinda msitu. Mpango wao ulikuwa rahisi kueleweka: miti ya kuni ipandwe kwenye uwanja wa mawe meusi ya volkano, jirani kabisa na kambi, ili wanawake wakimbizi wasiingie tena mbugani kutafuta kuni. Mbugani kulikuwa na watu wenye bunduki. Hakuna aliyekuwa na hakika ni wa upande gani, na wanawake waliokutana nao hawakupewa nafasi ya kuuliza.

Mwanzoni waliojitolea walikuwa wengi mpaka majembe hayakutosha. Walikuja wanafunzi wa chuo kikuu wakiwa na fulana za kijani, wakaja wanakwaya wa parokia kutoka Majengo, wakapanda wakiimba na kupigana picha, mche mkononi. Vita viliposogea, wanafunzi walianza kupungua. Kuna waliovuka ziwa kwenda Bukavu, kuna waliochukua bunduki, na kuna waliochoka tu, kama watu wanavyochoka. Kwaya ilikuwa na mazishi mengi ya kuimbia. Nafasi zao zilishikwa na wakimbizi wenyewe, hasa wanawake wa milima ya Masisi. Hawa hawakuuonea msitu huruma sana, lakini sahani ya maharagwe waliiheshimu. Marcelline hakuwalaumu. Kwake, shimo lililochimbwa kwa njaa lilikuwa na kina kilekile.

Charline alikuwa mmoja wao. Mumewe alibaki nyuma na ng'ombe siku kijiji kilipokimbia, hakuonekana tena. Aliishi kwenye hema moja na mdogo wake Bénita, na alikuwa na mtoto wa kunyonya aliyeitwa Gradi. Alichimba mtoto akiwa mgongoni, na alipopewa sahani yake alikula nusu, nusu akaifunika kwa jani na kumpelekea mdogo wake.

Jumamosi moja ya masika, wanawake watatu walishuka kutoka upande wa mbuga, majembe begani, kila mmoja na gunia dogo la udongo kichwani. Wa mbele alikuwa Mama Nshobole, ambaye Marcelline alikuwa ameshiriki kumzika katika mwezi uleule. Alivaa kitenge kilekile walichomvalisha, tundu la risasi likiwa limeshonwa vizuri kwa uzi mweusi.

"Mama Marcelline, tumekuya kujitolea," alisema. "Utupe mustari."

Marcelline aliitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na udongo ndani. Akamwuliza kama safari ilikuwa njema, na Nshobole akajibu kwamba ilikuwa fupi. Basi akawapa mstari wa mwisho, karibu na barabara, ambako mawe ni magumu na watu hawapendi kupangwa.

Juu ya mawe yale hakuna udongo, na shirika lilikuwa likinunua udongo kutoka mbali na kuuleta kwa lori. Wanawake watatu walimimina wa kwao kwenye mashimo. Ulikuwa mweusi na wenye unyevu, udongo wa chini sana, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Chakula kilipopakuliwa walikaa mbali na moshi, wakashukuru, wakasema hawahitaji.

Charline alikwenda kuketi na Nshobole, kwa kuwa mahema yao yalipakana. Alimweleza kwamba watoto aliowaacha wako kwa shangazi yao na yule mdogo ameacha kukohoa. Nshobole alifurahi kusikia. Kisha akataka kujua nani anawaletea kuni. Charline alisema ni binti mkubwa wa Nshobole mwenyewe.  Nshobole alisimama akarudi kuchimba, wazima wakiwa bado wanakula.

Jumamosi zilizofuata walikuja wengine. Wote walikuwa wanawake, na wote walikuwa wamekufa wakitafuta kuni. Hawakupumzika wala hawakuomba maji. Mikono yao ya baridi iliifaa miche michanga wakati wa jua, na miche yao ilishika upesi kuliko ya wengine. Padri wa kambi alipita, akawatambua baadhi aliowazika mwenyewe, akawabariki pamoja na wazima.

Haikupita muda akaja Gauthier, mkubwa wa miradi wa lile shirika, kijana mwenye adabu na gari jeupe. Alitembea mstari kwa mstari. Marcelline alimwonyesha nani mzima na nani marehemu, kwa kuwa kwa mbali hakuweza kuwatofautisha. Gauthier aliuliza kama marehemu wanafika kwa wakati na kama huwa wanaugua. Alijibiwa kwamba hawachelewi wala hawaugui. Alisema kila mahali watu wanaojitolea kwa ajili ya mazingira wanapungua, wafadhili wana wasiwasi, na kumbe Mugunga peke yake wanaongezeka. Aliwapiga picha, na walitoka vizuri.

Wiki iliyofuata Marcelline aliambiwa kwa simu kwamba, kwa kuwa wengi wa wanaojitolea hawali, fedha za chakula zimeondolewa. Lori la udongo nalo lisingekuja tena.

Alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda ofisini mjini. Gauthier alimpa kiti na soda.

"Marehemu habakule, mama," alisema kwa upole. "Sasa ile maharagi ilikuwa ya nani?"

"Ya bale bazima."

"Bale bazima banapata chakula ya kambi."

Chakula cha kambi kilikuwa hakijafika tangu barabara ikatwe na vita. Gauthier alilijua hilo, na alisikitika kweli. Marcelline alipoinuka, yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

Kwa muda Marcelline alipika kwa mali yake. Aliuza kitanda cha ndoa, akauza mabati ya jikoni, vitenge vikafuata. Mashamba ya maharagwe yalikuwa upande wa pili wa vita, kwa hiyo bei ilipanda na sufuria ikazidi kuwa na mchuzi. Nyumba yake yenyewe ilijaa jamaa waliokimbia kutoka Rutshuru, wanalala hadi chini ya meza, nao walikuwa na matumbo. Ikafika siku alipokwenda kitaluni mikono mitupu, akawaambia ukweli. Wanawake wazima walimsikiliza mpaka mwisho na wakamshukuru kwa yote. Kisha wakakung'uta majembe, wakayaegemeza pamoja, wakachukua kamba na kushika njia ya mbugani, kwa sababu mzigo wa kuni uliuzika barabarani na kununua unga. Jumamosi iliyofuata baadhi yao walirudi kitaluni. Kila mmoja alibeba gunia dogo la udongo.

Hapo Marcelline alimwita Nshobole kando ya mstari.

"Muache kukuya," alimwambia. "Mukiacha, batarudisha chakula."

Nshobole alilaza jembe, akawakusanya wenzake. Walizungumza kwa sauti ya chini, huyu kwa Kihunde, yule kwa Kinande, mwingine kwa Kinyarwanda, wakielewana. Walikubali kujaribu kwa Jumamosi moja.

Jumamosi ile mistari ilikuwa mitupu. Gauthier alikuja na wageni wawili wa wafadhili, akaona majembe yaliyoegemezwa na miche iliyonyauka kwa jua. Hakukasirika. Alimweleza Marcelline kwamba huenda mradi ukahamishwa, kwani mkoani kuna sehemu nyingine zenye marehemu wengi, na walio tayari.

Juma lililofuata marehemu walirudi jua halijapanda, wakitembea haraka kuliko kawaida yao. Nshobole alimwomba Marcelline msamaha.

"Hatupandie shirika," alisema. "Tunapandia batoto. Hii miti ikienda, batatufuata kule kule."

Miti yenyewe ilikuwa imefika magotini. Mkaratusi unataka miaka kadhaa kabla haujatoa kuni za maana, na marehemu walikuwa nayo.

Kati ya wazima alibaki Charline peke yake. Alipanda kwa sababu Marcelline alimgawia chakula chake mwenyewe, viazi viwili, wakati mwingine kimoja. Lakini Gradi alianza kulia kwa sauti nyembamba, isiyo ya mtoto mwenye hasira, na Jumatano moja Charline alikuja kitaluni akamweka mikononi mwa Marcelline. Alisema anakwenda barabarani kuuliza bei ya unga. Kamba ilikuwa imezungushwa kiunoni, chini ya kitenge, na Marcelline aliiona.

"Charline, ni wewe uko na maziwa ya huyu mutoto."

"Maziwa inatoka kwa chakula, mama."

Marcelline alimshika kitenge kwa mkono uliobaki. Charline alivifungua vidole vyake kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, akaondoka.

Jioni Bénita alikuja kuuliza dada yake yuko wapi. Walikaa pamoja kando ya barabara, wakiangalia wanawake wanaorudi na mizigo migongoni, mpaka wa mwisho akapita. Siku ya pili wanaume wa kambi walimleta Charline juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mbao zake zikiwa bado nyeusi kwa vumbi la makaa. Walimzika siku hiyohiyo. Marcelline alilia mpaka akabaki na kwikwi tu, na usiku aliomba Mungu ampumzishe Charline, asimrudishe Jumamosi.

Jumamosi Charline alikuja. Alitua gunia lake, akasalimia, akaomba mtoto. Gradi alimtambua. Alitafuta kifuani, akanyonya kidogo, akaacha kwa kuwa hapakuwa na kitu, akabaki anamwangalia mama yake bila kulia. Charline alimrudisha kwa Bénita na kumwambia ampikie uji. Unga kidogo ulikuwepo, Marcelline alikuwa ameuomba kwa jirani.

"Tutapika na nini, yaya?" Bénita alimwuliza dada yake. Hakuwa anabisha. Alitaka kujua.

Charline aliangalia mistari. Marehemu wote walikuwa wameacha kuchimba. Nshobole ndiye aliyekuja na panga, akachagua mkaratusi mmoja kati ya ile aliyoipanda mwenyewe, akaukata chini kabisa, kisha mwingine, na mwingine. Wenzake nao walikata ya kwao. Ilikuwa miti mibichi, myembamba kama vidole, na ilitoa moshi mwingi kuliko moto. Marcelline na Bénita walipuliza kwa zamu, macho yakitiririka. Uji ulichukua asubuhi nzima na haukuiva vizuri. Gradi aliumeza wote, akalala.

Habari zilizagaa kambini, na kesho yake wanawake wengine walikuja na masufuria. Marehemu waliwakatia. Kwa siku mbili hakuna mwanamke wa upande ule wa kambi aliyekwenda mbugani, na hakuna aliyekufa.

Gauthier alifika akaona visiki.  Aliwaambia kwamba miti ile ilikuwa ya wakimbizi, ilipandwa kwa ajili yao, na kwa sababu hiyo hiyo ni lazima ilindwe dhidi yao mpaka ikomae. Mafundi walikuja na nguzo na waya wa miiba, wakazungusha uwanja wote. Akaajiriwa mlinzi, mtu wa Ndosho mwenye watoto wengi, aliyeshukuru sana kupata kazi. Aliamriwa kwamba wanaojitolea waingie na wakimbizi wasiingie. Mlinzi aliuliza atawajuaje, maana wote wanavaa vitenge na wote wanatoka njia moja. Gauthier alimwambia awaguse mkono. Wa baridi apite.

Marcelline aliachwa na ufunguo wa lango, kwa kuwa miche bado ilihitaji mtu wa kuamka nayo. Alifikiria kuutupa ziwani. Alifikiria pia nani angepewa baada yake, akauweka shingoni.

Jumamosi iliyofuata marehemu walijipanga langoni na mlinzi aliwagusa kwa heshima, mmoja mmoja, akiwaita mama. Charline alipita. Nyuma yao akasimama Bénita, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono kama alivyoona wengine wakinyoosha. Mlinzi aliushika. Aliushika kwa muda mrefu kidogo, akitumaini.

"Uko wa moto, dada," alisema. "Unisamehe."

Bénita hakuomba mara ya pili. Alimfungua Gradi mgongoni, akampitisha juu ya waya wa miiba kwa Marcelline aliyekuwa ndani, akiangalia nguo isinase. Kisha akageuka, akashika njia ya mbugani, na kwa sababu hakuwa na mzigo alitembea upesi.

Charline alimwona. Aliita jina lake mara moja, na sauti ilifika, kwa kuwa Bénita aliinua mkono bila kugeuka. Marcelline alisimama na mtoto, ufunguo ukimgusa kifuani, akaangalia mpaka kitenge kikapotea kwenye kona. Aliporudisha macho kitaluni, wanawake walikuwa wameshaanza kuchimba. Nshobole alikuwa amesogea pembeni kidogo, na kati yake na Charline, kwenye mstari, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.