Dola za Hisa na Mkono wa Kinyozi

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini mchana ule nilipoingia kwa mdogo wangu kinyozi nikiwa na spana mkononi, nilijiona nina haki zote. Sikubisha hodi. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, aliniona kwenye kioo akatimka na kitambaa cha kunyolea shingoni.

"Dola zangu ziko wapi?"

"Dada, ngoja, nimekupigia simu..."

Ningoje nini? Nilimzaba kofi akagonga kioo, kioo kikapasuka.

Sikilizeni kwanza mjue kilichonipandisha. Miaka kumi na mmoja nafunga lifti kwenye kampuni ya nje. Kila mwezi walinikata kidogo kwenye mshahara wakaninunulia hisa za kampuni yao huko kwao. Mwezi uliopita niliziuza zote, nikaapa kwamba safari hii benki hainipati. Maana dola zikiingia kwenye akaunti yangu ya mshahara, benki inazigeuza kuwa fedha ya hapa na kukata chake. Nikitaka kuziwekeza tena, kwenye mfuko wa nje unaopokea dola tu, inazigeuza kuwa dola na kukata tena. Wanakutafuna unapokwenda, wanakutafuna unaporudi, na wewe unasema asante. Thubutu! Nikafungua akaunti ya dola.

Shida ilikuwa muda. Naingia kwenye shimo la lifti asubuhi, nikitoka benki imeshafunga. Kinyozi wetu anatazamana na benki. Nikamwingiza kwenye akaunti, saini ya yeyote kati yetu inatosha, na fomu za mfuko nikamwachia. "Usiguse mpaka nikuambie," nilimwonya. Nilikuwa nasubiri bei ya mfuko ishuke kidogo, eti mjanja. Watu wa nyumbani walinicheka. Huyu bwana mkono mrefu, pikipiki ya baba aliiuza na baba yuko ndani anakunywa chai. Nikasema amekua sasa, ana mke.

Basi siku hiyo natoka shimoni mapema, mchana, nawasha simu niliyokuwa nimeiacha juu na vifaa, nakuta kanipigia mara kumi na moja. Nikafungua akaunti. Sifuri! Nikachomoa spana kwenye vifaa. Nikajua ananipigia kuomba radhi, kama alivyomwomba baba.

"Umeziuza kwa nani?" nilimuuliza huku nimemkaba koo.

Alijaribu kusema, sauti haikutoka. Nilivyomlegeza akasema, "Zipo, dada. Wallahi zipo."

Neno hilo hilo alimwambia baba kuhusu pikipiki. Nikaona giza. Nilimpiga ngumi ya jicho, akaanguka kati ya kiti na beseni, nikamfuata chini nikampiga teke la mbavu. Yeye hakunirudishia hata moja, na hilo lilinizidishia hasira. Alinyoosha mkono wa kulia kwenye droo ya kaunta. Nikadhani anafuata wembe. Niliushusha ule mkono kwa spana, mara mbili, na mara ya pili nilisikia mfupa.

Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, jina langu tu.

Wifi yangu alitokea nyuma na ndoo, akanimwagia maji ya moto begani, kisha akanivunjia stuli mgongoni. "Muuaji wewe! Muuaji!" Aliivuta ile droo mwenyewe, akatoa karatasi akanitupia usoni. "Haya soma, msomi!"

Ilikuwa barua ya benki ya asubuhi ile. Dola zikilala siku saba bila maelekezo, benki itazigeuza kuwa fedha ya hapa. Siku ya saba ilikuwa ndiyo hiyo, mwisho saa sita mchana. Chini yake ilibanwa risiti ya mfuko: dola zangu zote zimepokelewa, kwa jina langu peke yangu, saa sita kasoro dakika nne. Mdogo wangu aliacha wateja kwenye foleni akavuka barabara mbio.

Hospitali walisema vidole vitatu na kiganja, vyuma viingizwe leo leo. Nilipiga simu nikazitoa zile dola kwenye mfuko zilipe matibabu. Benki wakaniambia wanazigeuza kwa bei yao na wanakata chao. Nikawaambia wakate, waharakishe tu. Daktari alituambia wazi, hata baada ya vyuma mkono ule hautashika mashine ya kunyolea.

Jioni wifi alitoka kutafuta dawa, nikaingia wodini peke yangu. Jicho lake lilikuwa limefumba kabisa. Nilitaka kupiga magoti, nikasimama tu pale kama mjinga. Yeye ndiye aliyeanza.

"Hawakukata hata senti, dada. Niliwauliza mara mbili."

Nilianza kulia. Nilivuta mlango nyuma yangu ili wauguzi wasinione, nikakisogelea kitanda nimshike bega. Akajivuta hadi ukutani, mkono wa bandeji ameuinua mbele ya uso.

"Naomba uuache mlango wazi," alisema. "Mpaka mke wangu arudi."

Nikarudi nikaufungua, nikakaa nje kwenye benchi.