Mabua Ishirini

Mimi na dada yangu tulikuwa hatusemeshani mwaka wa pili huo, na niliapa sikanyagi kwake. Sasa nisikilizeni utepe ulivyonivunjisha kiapo.

Binti yangu alikuwa anaondoka kwenda chuo. Akataka kitu kimoja tu cha kutia sandukuni: kifimbo cha lavenda, maua yale ya kunukia, kama vile vya bibi yake, vilivyokuwa vikinukia kabatini miaka na miaka. "Mama, si ulikuwa unavitengeneza?" Nikajitia hodari: kwani kuna nini hapo?

Asubuhi nikachuma lavenda mbichi uani, mabua ishirini. Nikayafunga chini ya maua, nikayakunja mabua yarudi kuyafunika maua. Hapo sina shida. Kisha nikaanza kupitisha utepe: juu ya bua moja, chini ya la pili. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, lo! Utepe ukapita juu ya mabua yaleyale, chini ya yaleyale. Hakikufumika kitu. Nikafumua, nikaanzia kushoto. Wapi! Ulikuwa unateleza tu.

Ikaanza kuniwasha. Mama alifanyaje? Alitugawia kazi tangu utotoni kwa sababu tulikuwa tukigombania utepe: mimi nikunje, dada afume. Miaka yote hiyo nimekaa ubavuni mwa dada, na sikuwahi kuinua macho nione anachofanya! Nilijaribu tena mpaka mchana, maua yakipukutika. Mwishowe nikavaa viatu, nikakibeba kifimbo changu mpaka kwa dada.

"Nimekuja kuuliza tu," nikamwambia mlangoni, hata salamu sijatoa.

Dada akanipisha ndani. Alikishika kifimbo, akakigeuzageuza karibu na uso. "Mabua mangapi?"

"Ishirini."

"Ishirini, we mtoto? Mama angekuchapa nacho hikihiki." Akalikata moja. "Idadi isigawanyike kwa mbili. Ndipo ukirudi mzunguko wa pili, bua lililokuwa juu linakuwa chini."

Ni hilo tu! Nilicheka mpaka nikaona haya. "Sasa wewe unayejua yote haya, mbona sioni hata kimoja hapa kwako?"

Akavuta droo ya meza. Ilikuwa imesheheni vifimbo, vyote vimekatika pale penye mkunjo, vingine vimeshakuwa vya kahawia. "Mimi nikikunja, yanavunjika," akasema. "Najaribu tangu tugombane."

"Unayaponda kwanza kwa ukucha? Kidogo tu, pale unapokunja?"

"Kwa ukucha!" Dada akaguna. "Kumbe."

"Si ungekuja kuniuliza, dada?"

"Ningekujaje? Siku ya kugawana vitu vya mama ulisema mbele ya watu wote kwamba huna dada."

Ni kweli nilisema, tena kwa sauti. Uchungu ulinipanda jamani, kumfikiria mtu mzima amekaa peke yake anavunja maua kwa ajili ya ulimi wangu. Nikamwambia nisamehe. Akachomoa bua bichi la lavenda kwenye kikombe cha maji mezani, akanipa.

"Nionyeshe hilo la ukucha," akasema. "Lakini polepole, na uje hapa dirishani. Jicho hili la kushoto halioni tena."

Miaka miwili, mitaa miwili tu kati yetu, na sikuwa na habari.