Kivuli cha Tembe Kwenye Ukumbi wa Viwanja

Jumanne, saa nne asubuhi, Mzee Gerson alimwaga vibaba viwili vya uwele kwenye ungo, akanyunyiza kiganja cha changarawe, akautikisa. Madirisha ya ukumbi mpya wa ofisi ya viwanja yalikuwa yamezibwa kwa mbao, kama alivyoagiza, na ndani kulikuwa na giza la ghalani. Evodia, msanifu wa jengo lile, alisimama karibu na swichi, michoro ikiwa kwapani. Alikuwa amefanya kazi na mafundi umeme wengi, lakini huyu ndiye wa kwanza kumwagiza nafaka.

Ndiyo ilikuwa njia ya mzee tangu aanze kufunga taa za LED. Wasanifu humletea michoro yenye vitone vya taa darini kote, kimoja kila mita mbili, kama watu wanaopanda mahindi. Yeye huwauliza kwanza nani atakaa wapi, macho yake yatafanya kazi gani, na jua huingilia dirisha lipi. Huwaambia wasihesabu wati, kwa kuwa wati ni umeme unaoliwa, si mwanga unaopatikana. Waupeleke mwanga ukutani kabla ya sakafuni, maana mtu huujua ukubwa wa chumba kwa kuta zake. Taa yenyewe waifiche isimchome jicho aliyeketi. Mwisho wamtafute mama anayejua kupembua, wampe ungo. Akizitoa changarawe zote kabla shingo haijamuuma, mchoro umefaulu. Evodia aliyaandika hayo yote daftarini, na moyoni alikiri kwamba mengine hakufundishwa chuoni kwa miaka mitano.

Mama wa siku hiyo alikuwa Bibi Zipora, anayekaa kwa binti yake Ipagala. Hakuhitaji kutafutwa, kwa sababu alikuwa akifika hapo kila wiki kuulizia kiwanja. Tembe lake, nyumba ya udongo ya vyumba vitatu, lilikuwa palepale ulipojengwa ukumbi. Lilibomolewa wakati yeye yuko Bahi akimuuguza dada yake, na wapimaji walipopita siku ya pili wakaandika kitabuni: pori tupu. Majirani zake walipewa viwanja mahali pengine. Pori tupu halikupewa kitu.

"Mbukwa, mama," Mzee Gerson alimsalimia.

"Mbukwa. Nasikia unatafuta macho ya kuazima."

"Ya kwangu yamezoea taa. Hayasemi kweli tena."

Bibi akaketi, ungo mapajani. Evodia akabonyeza swichi. Taa kumi na mbili zikawaka, nyeupe tulivu, zile ambazo chini yake nyekundu hubaki nyekundu na kahawia haigeuki matope. Uwele ukaonekana na ukijani wake, kila punje na tumbo lake. Kwenye ukuta wa mashariki na nusu ya sakafu kikalala kivuli cha tembe: paa bapa, nguzo mbili za mbele, mlango uliofunguliwa nusu.

Bibi Zipora alikitazama kidogo.

"Ndiyo nyumba yangu hiyo," akasema, akaendelea kupembua.

Mzee Gerson alipanda ngazi akakagua taa, kwani kivuli kisicho na mwenyewe huweza kuwa kosa la pembe. Alizigeuza moja moja, akazizima moja moja. Kivuli hakikusogea. Kivuli cha mbuzi kikatoka mlangoni, kikapita juu ya kiatu cha Evodia na kuacha ubaridi kidogo, kikaenda kusimama kwenye kaunta. Mzee alishuka akaeleza kwamba taa yenye rangi za kweli huonyesha vilivyopo. Huko Mpwapwa aliwahi kufunga za namna hiyo darasani, kukatokea kivuli cha mkuyu uliokwisha kukatwa, na walimu wakahamisha ubao.

Changarawe zote zilitoka kwa dakika sita.

Mchana alifika Abdulrazaki, msimamizi wa ujenzi, akasema jengo lenye kivuli kwenye kaunta halikabidhiki. Alikuwa na katoni ya taa za bei rahisi, zenye weupe wa samawati. Walipozifunga, kivuli kilitoweka. Bibi akapewa ungo wa pili, akaacha changarawe kumi na moja, kisha akainua mkono wake akautazama.

"Umekuwa wa maiti," akamwambia Abdulrazaki. "Mnataka kunizika kabla hamjanipa kiwanja?"

Abdulrazaki alicheka, akazifungua taa zake mwenyewe, zile za kwanza zikarudishwa.

Evodia alihamisha kaunta mita moja na nusu. Kisha akakichora kivuli kwenye mchoro wa taa, kwa kuwa kila kisichohamishika sharti kichorwe: urefu mita kumi na moja, upana mita tano, kivuli cha tembe la Zipora. Nakala akaiambatanisha na maombi ya bibi. Aliamini kwamba ofisi ikiugonga muhuri mchoro ule, itakuwa imemtolea bibi ushahidi kwa mkono wake yenyewe. Mchoro ulipita meza tatu. Katika meza ya tatu walisifu usahihi wa vipimo, wakagonga muhuri.

Ukumbi ulipofunguliwa, watu walisema hawajapata kuona mwanga kama ule. Wazee walisoma hati zao bila miwani. Makarani walitoka saa kumi bila kufikicha macho, nao walijifunza kukizunguka kivuli cha mbuzi wakibeba mafaili. Wasanifu walikuja kutoka mbali kupiga picha dari, na Mzee Gerson, amevaa koti lake la kanisani, aliwaeleza habari ya kuta, pembe na ungo, nao wakaandika.

Majibu ya maombi yalikuja baada ya miezi miwili. Evodia alimsomea bibi. Ofisi ilikiri kwamba kivuli kipo na kimepimwa ipasavyo, lakini kitabu cha upimaji kinasema pori tupu, na kitabu hakibadilishwi kwa mchoro wa taa.

"Kwa hiyo kivuli wamekikubali?"

"Wamekikubali, bibi."

"Na mimi?"

Evodia aliikunja barua polepole. Alisema wataandika rufaa, na kweli waliiandika, kisha nyingine.

Bibi Zipora huja kila Jumanne kuulizia. Mlangoni kuna daftari la wageni. Mara ya kwanza kulijaza, kwenye safu ya unakotoka, aliandika: Hapa. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimpa shikamoo, akamweleza kwamba mgeni hawezi kutoka hapa, ni lazima atoke mahali pengine. Bibi alikata mstari, akaandika Ipagala. Kisha akaingia, akapita mlango wa kivuli, akaketi sebuleni kwake kusubiri kuitwa.