Mkono Mdogo Karibu na Ufa

Hatua chache kabla ya pango Noreen alisimama, akapaza sauti kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu ndani.

"Ni mimi, wazee wetu mliotangulia! Nimekuja na Merle, msiujali mdomo wake. Na kuna kijana mgeni, Fergus, katoka kusini huko mjini. Msimtie homa, ni mkwe wangu."

"Mkwe!" Merle alicheka mpaka akashika kiuno. "Maskini, namhurumia."

Na balaa lote alilileta yeye. Fergus alipofika huku Kimberley, nyika za kaskazini, mara ya kwanza, mtafiti wa mambo ya kale na masanduku yake ya kamera, ilibidi apewe nafasi katika ukoo, maana mtu asiye na nafasi hujui hata umpe chai ukiwa umekaa wapi. Siku hiyo nyumba ya Noreen ilikuwa imejaa watu mpaka uani, na Merle akaropoka kundi la ukoo la kwanza lililomjia kichwani. Watu wakaitikia, ikawa imepita. Hesabu ilipopigwa vizuri, kijana akaangukia kuwa mkwe wa Noreen. Na mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye. Tangu hapo maneno yao yote yakawa yanapitia kwa Merle, hata wanapokaa hatua tatu tu, wamepeana migongo.

Pangoni hewa ilikuwa ya baridi na mwanga ulikuwa wa rangi ya asali, unatambaa polepole kama usiotaka kumwamsha mtu. Mikono ilijaa ukutani, arobaini na kitu. Udongo mwekundu ulikuwa umepulizwa kwa mdomo kuzunguka viganja, na pale kiganja kilipokuwa pakabaki peupe. Noreen alikwenda moja kwa moja kwa mmoja mdogo, karibu na ufa, akaweka kiganja chake kando yake.

"Shikamoo, mama."

Miaka sitini alikuwa akimwamkia hivyo, mama mwenye mkono wa mtoto wa miaka saba.

Nyuma yake Fergus alikohoa, akauambia mwamba: "Merle, mwambie mama mkwe kuna kiota cha nyigu wa matope. Kimekaa juu ya ule mkono wa karibu na ufa."

"Anasema kuna kiota..."

"Nimesikia."

"Huruhusiwi kusikia. Tulia, nifanye kazi yangu."

Fergus aliendelea kuongea na mwamba wake. Nyigu akibeba matope ya kujengea, alisema, hubeba na chembe za mkaa wa mioto ya nyikani. Mkaa huo maabara huweza kuupima umri. Rangi iko chini ya kiota, kwa hiyo rangi ilitangulia. "Nataka kipande kama ukucha. Rangi siigusi. Lakini akikataa, nafunga sanduku langu na hatutalizungumza tena."

Merle hakutafsiri. Alimsogelea Noreen, akanong'ona, na Merle si mtu wa kunong'ona. "Kataa, dada. Kiota kile kimeshakuwa jiwe. Hata mimi nisiyesoma naona si cha juzi."

"Tokeni nje wote. Kachemsheni chai."

Alijilaza mchangani, akafumba macho. Nyigu walivuma mahali fulani juu, na mvumo ule ukawa sauti ya farasi, wanakuja kutoka mbali sana, hawafiki. Farasi wa serikali, iliyokuwa ikiwanyang'anya wenyeji watoto wao. Bibi yake Noreen amemficha binti yake humu, yule atakayekuja kuwa mama yake Noreen, ana udongo mwekundu mdomoni, ameushika mkono wa mtoto ukutani. Anapuliza. Nchi ikusahau vipi, ikiwa umeiachia mkono wako? Kisha farasi wakafika, mtoto akachukuliwa, akakulia mbali, akazaa mbali, akafa mbali.

Noreen aliletwa nyumbani akiwa na miaka tisa. Shangazi yake alimleta hapa, akasema, "Mkono wake umo humu." Akaelekeza ukuta kwa midomo, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyoelekeza, midomo imechongoka kidogo, basi. Kuelekea wapi? Huku, kule, ukuta mzima. Msiba ulikuwa bado mbichi, na jina la aliyekufa halitajwi. Noreen hakuuliza. Alichagua. Alichukua ule uliomwia mzuri kuliko yote, na hajawahi kumwambia mtu.

Ndotoni mikono yote ilikunjua vidole kama majani yanayonusa mvua. Mmoja tu haukutikisika, ule wa karibu na ufa. Akaamka shingo imelowa jasho. Je, kama mama yupo hapa hapa, hatua nne kutoka kwangu, na miaka sitini ananisikia namwamkia mtoto wa mwingine?

Alitoka nje. "Merle, mwambie akate."

"Una wazimu."

"Mwambie."

Fergus alikipeleka kipande maabara, akarudi mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya. Noreen alikataa kusikia habari nyumbani, kwenye masikio ishirini. Wakaenda watatu pangoni. Kijana alikaa, akampa mgongo.

"Kiota kina miaka elfu nane na zaidi," aliuambia mwamba, taratibu. "Mkono una umri huo au zaidi. Mwambie pole. Mwambie vizuri, Merle."

Merle alimgeukia Noreen. "Anasema... mashine zao zimeharibika. Haijulikani. Huenda ni wa juzi juzi tu."

"Merle."

"Ndiyo alivyosema!"

"Unanidanganya na mtu mwenyewe yuko hapa, masikio yangu yapo hapa?" Noreen alianza kucheka, na machozi yakaja humo humo. Merle akaketi mchangani kando yake, akamshika goti.

Baadaye Noreen alipangusa uso. "Muulize mkwe wangu. Kwa miwani yake ile ya kukuzia, mikono midogo isiyo na kiota wala ukoko, ile iliyo mibichi, iko mingapi?"

Fergus hakumsubiri Merle. "Minne," aliuambia mwamba. "Chini kabisa, kule mwisho, penye majivu ya zamani."

Noreen alipiga magoti. Alitambaa, magoti yakilia, kupita chini ya mikono ya watu wazima, kupita mkono mdogo karibu na ufa. Pale akatua kidogo. "Na wewe usinune. Umekula shikamoo zangu miaka sitini, nitakupa nyingine. Lakini subiri."

Mwisho wa ukuta dari ilishuka mpaka nywele zake zikagusa jiwe. Mwanga wa asali ulifika huko kidogo tu. Akatafuta kwa vidole, ukutani, hewani karibu na ukuta, akiogopa kugusa. Wa kwanza ulikuwa na vidole vifupi. Wa pili ulikuwa umefunguka sana, kama wa mtoto aliyeambiwa atulie naye hataki kutulia.

"Shikamoo," alisema, hana hakika anasema na nani. "Ni Noreen. Nimechelewa kidogo."

Akasogea kwa wa tatu.