Mapepeo Yaliyopinduka

"Shika hapa," Insaf alisema, na kabla Shauki, mchumba wa binti yake Rabab, hajatoa hata salamu alijikuta ameshika miguu ya mwanasesere. Insaf alikuwa na pini tatu kati ya midomo. Aliuvuta uzi mmoja wa neti ya bluu, kitambaa kikajikunja chote kwa mpigo, akakizungusha kiunoni mwa mwanasesere, akafunga, akakata. Gundi, utepe wa dhahabu, shanga sita kifuani. Halafu yale mapepeo matatu ya karatasi iliyokunjwakunjwa, moja katikati na mawili ubavuni, yakasimama nyuma ya mgongo kama mkia wa tausi. Dakika kumi na moja tu. Mtu ambaye hajamwona Insaf akimvisha bi harusi wa Maulidi, mwanasesere ambaye mwanamume humpelekea mchumba wake siku hiyo, basi hajaona mikono ikifanya kazi.

Miaka ishirini na sita alikuwa katika chumba kile cha nyuma, dukani kwa Hajji Lutfi, mtaa wa Bab el-Bahr. Nusu ya wasichana wa Kairo waliochumbiwa walikuwa wamepokea kazi ya mikono yake bila kujua jina lake. Sisi majirani tulilijua, na tulijivuna kwa ajili yake kuliko alivyojivuna mwenyewe. Alikuwa na ila moja, kama ni ila: hakujua kuisifia kazi mbovu. Mke wa Hajji Lutfi aliwahi kumletea bi harusi aliyemshona mwenyewe, akitaka kusifiwa. Insaf alimgeuza huku na huku, akamrudishia, akasema, "Mpe mtoto achezee." Hajji hakumfukuza kazi, maana angempata wapi mwingine.

"Unajua nimekuitia nini?" alimuuliza Shauki sasa, akitoa pini mdomoni.

"Najua, mama."

"Bayumi amesema Maulidi ikipita bila bi harusi, Ijumaa anairudisha pete kwenu. Na unamjua Bayumi."

Nani asiyemjua Bayumi? Ni kaka yake Insaf, muuza matairi makuukuu, mwenye sharubu za kutisha watoto. Tangu mume wa Insaf afariki, yeye ndiye anayesimama kama baba wa Rabab, na kusema kweli anasimama vizuri, ila anapenda watu waone kwamba amesimama. Mchumba asiyeleta zawadi za sikukuu, kwake huyo si mchumba. Sikukuu ya Idi iliyopita Shauki alileta sahani ya biskuti zilizookwa na mama yake, kwa kuwa karakana alimokuwa akishonea viti vya magari ilikuwa imefungwa na yeye hakuwa na kazi. Bayumi alikula biskuti saba, kisha akasema ametukanwa.

"Nimepata kazi, mama. Wiki ya pili hii."

"Mimi najua. Rabab ameniambia. Lakini wiki mbili hazinunui bi harusi wa kumnyamazisha mjomba wake." Insaf alisimama, akafungua kabati, akatoa kitu kilichofunikwa kwa mtandio. "Mchukue huyu. Kesho kutwa, alasiri, uje naye. Mimi nitakaa kimya."

Alikuwa wa rangi ya waridi, na mapepeo yake yalikuwa na ncha za fedha. Sketi ilikuwa na tabaka saba, na kila shanga alikuwa ameitia kwa sindano, si kwa gundi. Siku tatu alikuwa amebaki kazini baada ya wenzake kuondoka, akimshona huyo mmoja. Shauki alimtazama sana. Ni fundi naye, alijua anachokiona.

"Ni mzuri mno," alisema.

"Basi mchukue."

"Rabab ataijua mishono yako, mama. Mlango haujafungwa atakuwa ameshajua."

"Akijua ni nini? Mimi ni mama yake, simwibii mtu."

"Lakini atakuwa ameposwa na nani?" Shauki alisema taratibu, bila kiburi, na akamlaza yule wa waridi mezani kwa mikono miwili. "Nitakuja, mama."

"Utakuja na nini?"

"Nitakuja."

Akaondoka. Insaf alibaki akiutazama mlango, amekasirika, na ndani ya hasira mlikuwa na woga. Rabab ana miaka ishirini na sita. Amekataa wawili kwa ajili ya huyu. Pete ikirudi Ijumaa, hatamkubali mwingine, atakaa tu nyumbani akipiga pasi nguo za watu, na mama yake alimjua vya kutosha kulijua hilo.

Saa moja haikupita, bwana mmoja wa tai akaingia dukani, akawapita mabiharusi wote rafuni, akanyoosha kidole kwenye chumba cha nyuma. "Yule wa waridi." Hajji Lutfi alitaja bei ya kutia haya, na yule bwana hakuomba apunguziwe hata senti. Insaf mwenyewe alimfunga bi harusi kwa karatasi ya kung'aa, akakaza utepe, akamkabidhi. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema hauzwi, na ulimi ukamgomea.

Siku yenyewe ya Maulidi, Bayumi alifika adhuhuri. Alivaa koti. Alikaa kwenye kochi katikati, si pembeni, na akaagiza kahawa yenye sukari kidogo, maana siku ya kutoa hukumu hanywi chai. Mimi nilikuwa jikoni nikimsaidia Insaf kupanga kashata za ufuta na za dengu kwenye sinia, kwa hiyo sikuhadithiwa.

Kule ngazini wasichana walikuwa wakipanda na kushuka na mabiharusi wao, wakionyeshana. Binti wa ghorofa ya tatu alikuja kugonga makusudi, akiwa na bi harusi wake mkubwa kama mtoto wa mwaka mmoja, akauliza, "Wa kwako bado, Rabab?"

"Bado," Rabab alijibu.

"Ameshikwa na foleni, labda."

"Labda," Rabab akasema, na akaufunga mlango polepole. Akarudi kuipiga pasi blauzi ambayo alikuwa ameshaipiga mara mbili.

Insaf alikata kashata moja vipande viwili, kisha vinne, kisha vinane, mpaka nikamnyang'anya kisu.

Alasiri ilipoadhiniwa, Bayumi alitoa saa mfukoni akaiweka juu ya meza. Tukasikia hatua ngazini. Shauki aliingia na boksi la kashata kwapani, na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti amekikumbatia kifuani. Alikuwa ameoga na kuchana nywele. Vidole vyake viwili vilikuwa na plasta.

"Kila mwaka na wewe ukiwa na heri, mjomba," alisema.

"Nawe pia," Bayumi akajibu. "Fungua tuone."

Shauki akafungua gazeti, akamsimamisha bi harusi mezani, kando ya saa.

Mimi niliweka sinia chini nipate kuona vizuri. Mapepeo yote matatu yalikuwa yamepinduka, yametazama sakafu, na yule maskini alionekana kama kuku anayetaka kuatamia. Mtu yeyote aliyezaliwa Misri ameona mabiharusi elfu moja, na anajua mapepeo yanaelekea juu. Lakini wanaume huwaona hivyo hivyo tu, kutoka mbali, wakilipa na kuondoka. Na sketi yake ya neti nyeupe ilikuwa imezungushiwa kamba nene nyekundu, ile inayoshonewa kwenye kingo za viti.

"Huyu umemkalia kwenye basi?" Bayumi aliuliza.

"Hapana, mjomba."

"Nani kamshona?"

"Mimi."

Bayumi alicheka, kicheko cha kweli kabisa, hadi koti likatikisika. "Wallahi nilidhani umeniletea kiti cha teksi. Rabab, njoo uone. Mchumba wako amekuletea mahali pa kukaa."

Rabab alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, pasi mkononi. Hakucheka wala hakulia. Alimtazama bi harusi, kisha akavitazama vidole vya Shauki. "Mjomba," alisema, "mpe mama amtazame."

"Haya." Bayumi alijipangusa macho, akaegemea kochi. "Hiyo ni haki. Dada, hapa mtaani hakuna anayezijua kazi hizi kukuzidi. Sema neno lako, nami nitalifuata. Ukisema ni bi harusi, ni bi harusi. Ukisema si bi harusi, naondoka na pete sasa hivi, sisubiri Ijumaa."

Hapo ndipo roho yangu iliponitoka. Nilikuwa nikimwomba Mungu ampe Insaf uongo mmoja tu, mdogo, wa siku moja. Ungemgharimu nini? Lakini nilimwona anavyokausha mikono kwa aproni na kumnyanyua bi harusi kwa kiuno, na nikajua hautakuja. Uso wake ulikuwa ule ule wa kazini.

"Mapepeo yamepinduka," alisema.

Shauki aliinamisha kichwa. Rabab aliiweka pasi chini.

"Kiuno kimevutwa zaidi kushoto. Kamba hii nyekundu, tangu nizaliwe sijaiona kwa bi harusi." Alikuwa akimgeuza taratibu, kidole gumba kikipita juu ya mshono, kikitafuta ukoko wa gundi, na hakikuupata. Akatafuta upande wa pili. Akatafuta pini za stepla, ambazo sisi sote tunazijua maana huwachoma watoto. Kisha akaishika sketi kwa pindo na kuifunua.

Akainamisha kichwa akachungulia ndani. Bayumi aliitazama saa.

"Hii ni nini?" Insaf aliuliza.

"Bitana, mama," Shauki akajibu.

"Najua ni bitana. Nimekuuliza ya nini."

Nilisogea nikachungulia. Ndani ya sketi, chini ya neti, mlikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, laini, kimeshonwa kwa mkono kuzunguka chote. Mishono ilikuwa midogo, inayokaribiana, na kila ncha ya uzi ilikuwa imefichwa ndani ya pindo. Hakuna fundo hata moja lililokuwa likijitokeza. Alikuwa amepiga bandi, mshono wa muda, kwanza, kisha akashona, kisha akaitoa bandi, na hakuacha hata tundu.

"Mimi ni fundi wa viti," Shauki alisema, akitazama mikono yake. "Kiti ukikimaliza juu tu, ndani kinamchoma aliyekalia. Nilifikiri Rabab atamshika. Labda atamwekea shavu. Neti ingemkwaruza."

Insaf aliniambia siku nyingine, tukianika nguo, kwamba uso ulimwaka moto kama aliyepigwa kofi. Miaka ishirini na sita, maelfu ya sketi, na ndani ya zote, hata ya yule wa waridi, nyuzi zinaning'inia na ncha zinakwaruza, maana ni nani atakayefunua? Hakuwahi kuwaza kwamba kuna mkono utakaoingia humo. Aliona haya, akaona na furaha, vyote kwa pamoja, na hakujua kipi akitangulize.

"Bayumi," alisema hatimaye. "Lete kidole."

"Cha nini?"

"Lete."

Bayumi alinyoosha kidole chake kinene, cheusi kwa mpira wa matairi ambao hakuna sabuni inayoutoa. Insaf alikiingiza ndani ya sketi, akakipitisha kwenye mshono kuanzia mwanzo hadi mwisho, mzunguko mzima, kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika. Sharubu za Bayumi zikaacha kucheza. Alirudia mzunguko wa pili mwenyewe, bila kushikwa.

"Laini," alisema, kwa kinyongo.

"Mimi sijawahi kushona bi harusi namna hii," Insaf akasema. "Hata mmoja."

Bayumi alimtazama dada yake, akamtazama kijana. Aliichukua saa yake mezani na kuirudisha mfukoni, akakohoa, akasema, "Sasa humu ndani watu hawapewi chai?"

Nilikimbilia jikoni kabla hawajaniona machozi. Niliporudi, Shauki alikuwa amepiga goti mbele ya meza. "Mama, niruhusu niyageuze mapepeo. Ni dakika moja tu."

Insaf alimvuta bi harusi kwake. "Usimguse," alisema.

Kisha akafungua mlango wa ngazini akauacha wazi. Mabinti wakaingia, na mama zao, na yule wa ghorofa ya tatu na bi harusi wake mkubwa, wote wakijiandaa kucheka. Wengine walianza kabisa. Insaf hakuwaonyesha uso wa bi harusi wala shanga. Alifunua pindo, akamwambia kila mmoja, "Tia mkono," na mmoja mmoja walitia, wakatoa, wakaacha kucheka, wakachukua kipande cha kashata na kusogea pembeni.

Rabab alikuwa wa mwisho. Aliingiza vidole, kisha kiganja chote, na hakukitoa.